Sekunde 40 za Mbele, Dakika 4 za Nyuma: Kisa cha Mbio za Kufunga Msimu Kigoma

Jumapili ya mwisho ya Septemba, mwanamichezo ninayemfundisha alishuka kwenye baiskeli yake ufukweni Kigoma akiwa wa pili kati ya wanawake tisa. Alihitaji nafasi hiyo hiyo ya pili, si zaidi, ili awe bingwa wa msimu wetu wa triathloni (mchezo wa kuogelea, baiskeli na kukimbia), na aliyekuwa nyuma yake alikuwa mbali kwa dakika 4 na sekunde 10. Zilikuwa zimebaki kilomita 10 za kukimbia. Alimaliza wa tatu kwa tofauti ya sekunde 35, na ubingwa ukaenda kwa mwenzake. Ninaandika kisa hiki kwa ridhaa yake, bila kutaja jina lake, kwa sababu nimepitia muda wa kila kipande cha mbio zile na nimeona kwamba sehemu kubwa ya kosa ilitoka kinywani mwangu, katika sentensi moja niliyomwambia alipokuwa anatoka eneo la kubadilishia, mahali pa kuacha baiskeli na kuanza kukimbia.

Msimu wetu ni wa watu wenye kazi zao. Yeye ni muuguzi, aliyezaliwa na kukulia Katonga, na ziwa amelijua kabla ya kujua darasa. Mpinzani wake mkuu anatoka Kasulu, ambako barabara za milima humfanya mtu awe mwendesha baiskeli bila hata kukusudia. Wa tatu ni binti wa Ujiji, mwanafunzi, ambaye huogelea kwa shida, huendesha kwa wastani, na hukimbia kuliko wote. Tulikuwa na mbio nne. Tatu za kwanza zilikuwa fupi: kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20, kukimbia kilomita 5. Ya mwisho ilikuwa ya umbali kamili, ule ule ulioingia katika Michezo ya Olimpiki huko Sydney mwaka 2000, yaani kuogelea kilomita 1.5, baiskeli kilomita 40 na kukimbia kilomita 10, vyote mfululizo, bila saa kusimamishwa mtu anapobadilisha viatu.

Mshindi hupata pointi 10, wa pili 8, wa tatu 6. Muuguzi alishinda mbio mbili za kwanza na akawa wa pili katika ya tatu, hivyo alikuwa na pointi 28. Dada wa Kasulu alikuwa wa tatu, kisha wa pili, kisha wa kwanza, jumla 24. Binti wa Ujiji alikuwa na 20. Usiku wa kuamkia mbio tulikaa na karatasi tukapiga hesabu kila upande. Dada wa Kasulu akishinda atafikisha 34. Muuguzi akiwa wa pili atafikisha 36, na mambo yameisha. Akiwa wa tatu atafikisha 34 na watalingana. Idadi ya ushindi nayo italingana, miwili kwa miwili. Na kwa kanuni yetu, wakilingana hivyo, mbio ya mwisho ndiyo huamua. Kwa hiyo adui wake wa kweli siku ile hakuwa yule wa kumshinda, bali yule wa kuzuiwa asimpite, na huyo alikuwa binti wa Ujiji. Tulikubaliana jambo hili kwa maneno hayo hayo. Aliinuka akasema, «Nimeelewa, Mwalimu,» na nilijua ameelewa.

Mpango wa kukimbia ulitokana na hesabu hiyo. Njia ilianzia ufukweni, ikapanda kutoka mjini hadi Mwanga, kisha ikafuata barabara ya Ujiji mpaka kilomita ya tano na kurudi kwa njia ile ile. Nilimtaka akimbie kila kilomita kwa dakika 5 na sekunde 30 kwa wastani, na kwenye mlima wa Mwanga asiende kasi kuliko dakika 5 na sekunde 45. Mpango huo ulitengenezwa kwa mbio ambazo zingeanza saa 1:30 asubuhi.

Hazikuanza saa 1:30. Boti ya uokoaji ilikuwa na injini iliyogoma kuwaka, na waandaaji wakakataa kumruhusu mtu yeyote aingie majini bila boti. Uamuzi huo nauunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 katika sehemu yake ya chini kabisa, na hata ndani ya ghuba mtu hapati pa kukanyaga hatua chache kutoka ufukweni. Wavuvi waliokuwa wanashusha dagaa walisaidia kutafuta fundi. Filimbi ilipulizwa saa 3:00 kamili.

Saa moja na nusu ni muda mrefu kuliko unavyosikika. Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi, na kwa kuwa saa zetu ni zile zile za Dar es Salaam, jua la Septemba huchomoza hapa karibu saa 1 kasoro dakika 10. Mwanamichezo anayeanza saa 1:30 huogelea katika ubaridi wa asubuhi na kumaliza kabla jua halijakaza. Anayeanza saa 3:00 hukimbia kuelekea saa sita. Aidha, katika majira ya kiangazi upepo wa kusini-mashariki, ambao wengi huuita kusi, huwa mpole alfajiri na huongezeka kadiri siku inavyopamba moto. Tulipokuwa tunasubiri niliona maji ya ghuba yakibadilika, kutoka utulivu wa kioo hadi mikunjo midogo, kisha povu jeupe upande wa nje. Nililiona hilo, nikalizungumza, nikamwelekeza muuguzi ainue kichwa mara nyingi zaidi kutafuta maboya. Nilifikiria ziwa tu. Tangu maji yalipopanda miaka hii ya karibuni na kumeza sehemu ya fukwe zetu, eneo la kubadilishia limekuwa jembamba, na wanamichezo walisimama pale wamebanana, juani, wengi bila kofia. Yeye alikuwa amekunywa uji na kula ndizi mbili saa 11 alfajiri. Hakula kitu kingine hadi filimbi, na mimi sikumpa.

Kuogelea kulimpendelea. Aliyekulia Katonga haogopi wimbi la ubavuni, na alitoka majini kwa dakika 34 na sekunde 10, wa kwanza kati ya wanawake. Dada wa Kasulu alitumia dakika 36 na sekunde 5. Binti wa Ujiji, aliyepoteza mwelekeo baada ya boya la pili, alitumia dakika 38. Hadi hapo kuchelewa kwa mbio kulikuwa kumemsaidia muuguzi, maana maji yangekuwa tulivu wenzake wasingeachwa hivyo, na nadhani jambo hilo lilinilewesha kidogo. Nilianza kuiona siku ile kama siku yake.

Baiskeli ilikwenda kama tulivyotarajia. Njia ilipanda kutoka ziwani, ikapita Mwanga na Mwandiga, ikageuka mbele zaidi na kurudi. Dada wa Kasulu alimfikia kwenye kilomita ya 30 hivi, akampita, na alipofika eneo la kubadilishia alikuwa mbele kwa sekunde 40. Baadhi ya wenzangu walisema baada ya mbio kwamba muuguzi alijichosha kwa kumfukuza mwenzake kwenye baiskeli. Hesabu haikubaliani nao. Tangu mwanzo wa baiskeli dada wa Kasulu alikuwa anampunguzia muuguzi takriban sekunde 39 katika kila kilomita 10, na katika kilomita 10 za mwisho, baada ya kumpita, alimzidi kwa sekunde 40. Kama muuguzi angeanza kufukuza baada ya kupitwa, pengo hilo lingekuwa dogo. Alikubali kupitwa, akaendelea na mwendo wake, kama tulivyopanga usiku. Ninalisisitiza hili kwa sababu linaonyesha kwamba hadi dakika ile alikuwa bado anaendesha mbio za pointi 36 na si mbio za kushinda.

Alitundika baiskeli saa 5 na dakika 7. Nilikuwa nimesimama kwenye kamba ya kutokea. Kanuni haziruhusu mwalimu kumpa mwanamichezo maji au chakula nje ya vituo, lakini haziwakatazi walimu kusema. Nilikuwa na saa mkononi na nilikuwa nimemwona dada wa Kasulu akitoka. Alipopita mbele yangu akifunga namba yake kiunoni, nilimpigia kelele: «Sekunde 40! Yuko sekunde 40 tu mbele!»

Hayo ndiyo yote niliyosema. Kisha nikampigia simu kijana niliyemweka juu Mwanga, kilomita ya pili, nikamwagiza ampe tena pengo la mbele atakapopita. Binti wa Ujiji bado alikuwa hajafika, na dakika 4 na sekunde 10 baadaye, alipoondoka, nilikuwa na namba muhimu kuliko zote mkononi mwangu na hapakuwa tena na mtu wa kuisikia. Ningeweza kumpigia yule kijana simu ya pili. Sikupiga. Nilikuwa natazama mbele, kama nilivyomfanya yeye atazame.

Kijana wa Mwanga alifanya kazi yake kwa uaminifu: «Sekunde 22, dada, unamkamata!» Kwenye kilomita ya nne alimkamata kweli. Kilomita hizo nne, mlima ukiwemo, alizikimbia kwa dakika 21 kamili, yaani dakika 5 na sekunde 15 kwa kila kilomita, mahali ambapo mpango ulimtaka apande kwa dakika 5 na sekunde 45. Alikimbia bega kwa bega na dada wa Kasulu hadi kwenye kigeuzio. Mita 400 hivi baada ya kugeuka walipishana na binti wa Ujiji aliyekuwa anakuja kwa upande wa pili wa barabara, na muuguzi ameniambia kwamba alimwona «anakuja mwepesi», lakini hakuweza kupiga hesabu ya umbali ule. Kichwa chake kilikuwa kimejaa mgongo mmoja.

Kwenye kilomita ya saba alianza kutembea. Kijana alipomwona tena Mwanga, kilomita ya nane, alikuwa anatembea hatua hamsini na kukimbia hamsini, uso umekauka, mabega yamepanda. Muda mfupi baada ya kilomita ya tisa, kwenye mteremko wa kurudi ziwani, binti wa Ujiji alimpita bila kumtazama. Kilomita sita za mwisho zilimchukua muuguzi dakika 37 na sekunde 5. Jumla ya mbio zake za miguu ilikuwa dakika 58 na sekunde 5. Dada wa Kasulu alitumia dakika 54 na sekunde 10. Binti wa Ujiji alitumia dakika 53 na sekunde 20, muda bora kuliko wa mwanamke yeyote siku ile, na ninampongeza bila kinyongo, kwa sababu yeye ndiye aliyekimbia kilomita zote 10 kwa mwendo mmoja.

Naamini mambo mawili yalikutana kwenye mlima wa Mwanga, na kila moja peke yake lisingetosha.

La kwanza ni joto. Misuli inapofanya kazi, sehemu ndogo tu ya nguvu inayotumika, kama robo au pungufu, hugeuka kuwa mwendo. Iliyobaki hugeuka kuwa joto ambalo mwili lazima uliondoe. Juu ya baiskeli, mtu anayekwenda kilomita 27 kwa saa hupulizwa na upepo wa mwendo wake mwenyewe na jasho hukauka haraka. Anaposhuka na kuanza kukimbia kwa kilomita 11 kwa saa, upepo huo hutoweka ghafla, huku joto linalozalishwa likibaki pale pale au kuongezeka kwa sababu ya mlima. Damu hutakiwa kwenda sehemu mbili kwa wakati mmoja, kwenye misuli kupeleka oksijeni na kwenye ngozi kupoza mwili, na jasho lililokwisha kutoka limepunguza kiasi cha damu hiyo. Ndiyo maana mtu anayeweza kupanda Mwanga kwa dakika 5 na sekunde 15 saa 3:40 asubuhi hawezi kupanda hivyo saa 5:10 bila kulipia mbele. Niliijua elimu hii. Nimeifundisha. Lakini filimbi ilipochelewa nilirekebisha mpango wa ziwa na nikauacha mpango wa miguu kama ulivyokuwa, wakati sehemu iliyoathirika zaidi kwa kuchelewa ilikuwa ya mwisho na si ya kwanza. Nilipaswa kumwambia saa 2:30, tukiwa bado tumesimama, kwamba dakika 5 na sekunde 30 imefutwa na sasa ni dakika 5 na sekunde 40, na kumpa ndizi na maji yenye chumvi na sukari kidogo kufidia masaa manne tangu alipokunywa uji.

La pili ni ile sentensi. Ilikuwa ya kweli kwa kila neno. Saa yangu haikukosea. Lakini mtu aliyetoka kwenye masaa mawili ya kazi ngumu hana nafasi kichwani ya kurudia hesabu ya jana usiku. Anachukua namba anayopewa na kuitumia. Nilimpa namba ya mtu aliyekuwa mbele, na kwa kumpa hiyo peke yake nilimwambia, bila kutamka, kwamba mbio zake zilikuwa za kumfuata mtu huyo. Makubaliano tuliyoyafanya kwa makini juu ya karatasi niliyavunja mimi, kwa maneno matano.

Nimejaribu kujiuliza kama ninajilaumu kupita kiasi, maana walimu tuna tabia ya kujiona chanzo cha kila kitu. Namba zinanirudisha pale pale. Kama angekimbia kilomita zote kwa dakika 5 na sekunde 40, mwendo wa polepole kuliko mpango wa awali na polepole kuliko mbio yoyote aliyokimbia msimu huu, angemaliza kwa dakika 56 na sekunde 40. Binti wa Ujiji, hata kwa muda wake ule mzuri, angefika sekunde 50 nyuma yake. Dada wa Kasulu angeshinda mbio, muuguzi angekuwa wa pili, na pointi zingekuwa 36 kwa 34. Ushindi wa msimu ulikuwa ndani ya mwendo ambao angeuweza hata kwenye joto lile, mradi asingeanza kwa kufukuza.

Wiki moja baadaye nilimweleza yote haya nikiwa na karatasi zile zile. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, «Mwalimu, ulinipa mgongo nikaufuata. Lakini miguu ilikuwa yangu.» Anaamini kwamba hata ningemtajia dakika 4 za nyuma, huenda angefukuza tu, kwa sababu alikuwa amepitwa na hakupenda. Mimi siamini hivyo. Alikuwa amepitwa kwenye kilomita ya 30 ya baiskeli na kwa kilomita 10 nzima hakufukuza. Alianza kufukuza hatua chache baada ya kunisikia. Hatujakubaliana, na simlazimishi.

Tulichokubaliana ni jinsi ya kufanya mazoezi ya jambo hili. Jumamosi asubuhi, baada ya kutoka majini na baiskeli, anapoanza mlima wa Mwanga mimi au yule kijana humtajia pengo la mbele na la nyuma kwa pamoja, la nyuma kwanza, na yeye hulazimika kurudia kwa sauti lipi atakalolitumia kabla hajatupita. Mara mbili za kwanza alishindwa kurudia hata moja, kwa pumzi, na hilo lilinionyesha jinsi nafasi ilivyokuwa finyu siku ile ya Septemba. Jumamosi iliyopita alizirudia zote mbili, akapanda hatua kama kumi, kisha akageuka na kuuliza, «Na mimi mwenyewe nikimbie ngapi?» Hiyo ndiyo namba anayoitaka sasa, na ameomba mwakani nimtajie hiyo peke yake: mwendo wake wa kilomita, uliokwisha kupigiwa hesabu ya mbele, ya nyuma na ya joto na mtu aliyesimama kivulini mwenye saa mkononi. Nimenunua kipande cha ubao mweusi na chaki kubwa, kwa sababu kelele za barabarani Mwanga humeza namba, na nimeanza kujifunza kuipiga hesabu hiyo ndani ya sekunde kumi.